Faini ya Mwendo Kasi: Nani Alipe, na Dereva Ajifunze Nini?



Katika ziara zetu za sharika tumeulizwa mara nyingi swali moja: gari la mradi likipigwa tochi, faini inatoka wapi? Swali hili ni zuri, nasi tunalijibu kwa kirefu kidogo, maana ndani yake kuna mambo ya sheria, ya fedha za wafadhili na ya uhai wa watu.

Wasomaji wa nje ya nchi wafahamu kwamba "tochi" ni jina ambalo madereva wetu wamekipa kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Hapa Iringa anayetoka mjini kuelekea Dodoma hupita Kihesa, penye soko, maduka, bodaboda, wanafunzi wa shule na wa chuo kikuu. Tangu barabara hii iwekwe lami, gari huteleza lenyewe, na dereva asiyetazama dashibodi hujikuta kwenye 70 au 80 bila kukusudia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Magari ya abiria na magari makubwa ya mizigo yana ukomo wa kilomita 80 hata nje ya makazi.

Dereva akikamatwa huandikiwa taarifa ya kosa pamoja na faini yake. Askari hapokei fedha mkononi. Dereva hupewa namba ya malipo, naye hulipa benki au kwa simu. Asiyekubali kosa ana haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Anayekubali kisha akakaa kimya, deni halimsahau, bali huongezeka. Aidha, deni husomeka kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, ambako mtu yeyote anaweza kuliangalia kwa intaneti. Kwa hiyo dereva akificha karatasi mfukoni, anayeonekana mdaiwa ni mwenye gari, yaani dayosisi au usharika. Tunashauri mhasibu wa kila mradi aangalie namba za magari yake kila mwisho wa mwezi. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa nani alipe? Fedha za mradi hazilipi faini. Mfadhili aliyetoa sadaka yake kwa ajili ya kisima cha Isimani hakuitoa kwa ajili ya mwendo kasi, na mkaguzi wa hesabu hatakubali stakabadhi hiyo. Kwa kawaida basi mzigo humwangukia dereva. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba si haki kuishia hapo. Migoli iko zaidi ya kilomita 90 kutoka mjini, na njiani kuna kona za mteremko wa Nyang'oro. Kamati ikipanga kikao cha saa tatu asubuhi huko, na gari likaruhusiwa kuondoka ofisini saa mbili, dereva amekwisha kuandikiwa faini kabla hajawasha injini. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba pale ratiba yenyewe isipowezekana kwa mwendo halali, aliyeisaini achangie faini pamoja na dereva. Tunajua pendekezo hili halitampendeza kila mtu.

Wafadhili wengine wametuuliza kama dereva hawezi kupelekwa darasani badala ya kulipa. Huko Uingereza, dereva aliyezidisha mwendo kidogo huweza kupewa nafasi ya kuhudhuria somo la mwendo badala ya faini na pointi kwenye leseni, na majimbo kadhaa ya Marekani yana utaratibu unaofanana na huo. Kwetu, kwenda darasani hakufuti faini iliyokwisha kuandikwa. Lakini darasa lenyewe lipo. VETA hufundisha udereva, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha madereva wa magari ya abiria. Dereva mzoefu huona aibu kurudi darasani ("mimi nimeendesha miaka ishirini!"), ila hesabu ifuatayo huwanyamazisha wengi.

Kwenye lami kavu, gari la mwendo wa 50 huhitaji kama mita 28 kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa mwendo wa 80 ni kama mita 57. Mtoto akitokea mita 28 mbele, dereva wa kwanza humsimamia miguuni. Wa pili, akifika kwa mtoto yule, bado anakwenda zaidi ya 70. Na faida aliyoipata ni ipi? Katika kilomita tatu za kukatiza Kihesa, 80 humwokolea dereva dakika moja na sekunde ishirini hivi kuliko 50.

Mafunzo mazuri hayaishii kwenye mwendo. Yapo ya kukagua breki na matairi kabla ya safari, ya kushuka Kitonga kwa gia nzito badala ya kuning'inia kwenye breki, na ya huduma ya kwanza. Watu wa Iringa hawahitaji kukumbushwa sana Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi na lori vilipogongana na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Tunaomba bajeti zijazo ziwe na kifungu cha mafunzo ya madereva. Hicho wafadhili hukikubali bila shida, tofauti na faini. Vilevile, maombi ya gari yafike ofisini siku mbili kabla ya safari, yakionyesha saa ya kuondoka pamoja na saa ya kikao, na yaandikwe hivyo hivyo kwenye daftari la safari.