Maziwa Yako Iko na Mafuta Kweli? Hivi Ndivyo Leza Inaweza Kuumbua Muuzaji Mjanja

Kuna mchezo mmoja wa zamani sana kwa hii biashara ya maziwa. Msee anatoa krimu juu, anaiuza kando. Maziwa ikibaki bila krimu inakuwa nzito, juu mafuta ni mepesi kuliko maji. So anaongeza maji kiasi, uzito unarudi palepale. Ukitumbukiza laktomita, inasoma fiti kabisa! Wewe umelipa doo ya maziwa, kumbe unakunywa hadithi.

Usilaumu laktomita. Kazi yake ni kupima uzito tu, haijui ndani kuna nini. Ya kujua ndani ni spektroskopia ya Raman.

Raman ni nani?

C. V. Raman alikuwa mwanafizikia wa India. Mwaka wa 1928 alionyesha kwamba ukimulika kitu, karibu mwanga wote unaotawanyika unatoka na rangi ileile. Lakini kiasi kidogo sana, kama chembe moja kati ya milioni 10, inatoka imebadilika rangi, juu imebadilishana nguvu na molekuli. Kila aina ya molekuli inatikisika kivyake, kwa hivyo mabadiliko hayo ni kama alama za vidole. 1930 jamaa akabeba Nobel.

Sasa kwa maziwa inakuaje?

Siku hizi wanasayansi wanatumia leza. Raha ni kwamba maji haipigi kelele kwa Raman, lakini mafuta inapiga nduru. Wanaangalia hasa alama mbili: karibu na 1655, ambapo mafuta laini yanajitokeza, na karibu na 1440, ambayo mafuta yote iko nayo. Ukilinganisha hizo mbili unajua mafuta ni laini au ni magumu kiasi gani.

Hata lishe ya ng'ombe inaonekana. Akila nyasi mbichi, ile rangi ya manjano ya karotini inaingia kwa mafuta na inaacha alama yake. Na mtu akichanganya mafuta ya alizeti kwa maziwa? Anashikwa, juu alizeti iko na mafuta laini mingi kuliko ya ng'ombe.

Shida ni gani?

Hiyo mashine ni ghali, na vitu vingine ndani ya maziwa, kama vitamini B2, vinawaka vikipigwa leza na kufunika alama. Ndiyo maana wengi hutumia leza ya mwanga usioonekana kwa macho.

Kwa sasa usitarajie kuiona kwa ATM ya maziwa mtaani. Lakini ukiambiwa "laktomita imepita", uliza swali la pili: na mafuta je, imepimwa? Kipimo cha mafuta kiko, na ni haki yako kuuliza.