Mtoto anapozaliwa bila mfupa wa muundi

Mzazi, ukiona mguu wa mtoto wako mchanga ni mfupi, umepinda na wayo umegeukia ndani, usidhani kuukanda kutaunyoosha. Huenda mfupa wa muundi haukuumbika. Hali hii ni nadra sana, mtoto mmoja hivi kati ya milioni moja. Si laana, wala si kosa la mama.

Daktari wa mifupa ataupiga mguu eksirei na kuchunguza kama mtoto anaweza kulinyoosha goti. Akiweza, na sehemu ya juu ya muundi ipo, mfupa mwembamba wa kando huunganishwa nayo ili ubebe uzito. Baadaye mguu waweza kurefushwa polepole, milimita moja kwa siku, kwa vyuma vya duara alivyobuni Gavriil Ilizarov wa Urusi.

Asipoweza kabisa, mara nyingi hushauriwa mguu ukatwe gotini, avae wa bandia. Wazazi wengi hulikataa shauri hili. Lakini anayekatwa mapema hujifunza kutembea upesi, na huepushwa upasuaji wa miaka mingi ambao ungemwachia goti gumu.

Ukiwa Nanighi, anzia hospitali ya Hola au Garissa, uombe barua ya kwenda kwa daktari wa mifupa ya watoto. Kijabe wapo tangu 1998. Usingoje afikie umri wa shule.