Dawa Ya Kifafa: Je, Yafaa Kukusanya Vidonge Wakati Wa Kufuturu?

Kila Ramadhaan inapokaribia tunaulizwa: mgonjwa wa kifafa aliyeandikiwa vidonge mara tatu kwa siku, je, anaweza kuvimeza vyote pamoja anapofuturu ili asikose Swawm?

Jibu letu ni hapana. Kuzidisha dawa ni kujidhuru, na mgonjwa ana rukhswa ya kula, iliyomo katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 185. Amuone daktari kabla ya mwezi kuandama. Huenda akapangiwa nyakati zinazowafikiana na Swawm. Isipowezekana, ale, kisha alipe, au alishe masikini ikiwa maradhi yake hayatarajiwi kupona.

Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, ina hadaa yake. Ikizidi huweza kuingia mwilini polepole. Mtu anaonekana mzima, anaswali Taraawiyh na wenzake, kisha baada ya saa kadhaa anaanza kupepesuka, macho yanamcheza, analala usingizi asioamshika. Tena kuzidi kwake huweza kuleta kifafa kile kile inachokitibu. Jamaa wakidhani maradhi yamerudi, wanamuongeza kidonge! Fenobabitoni nayo ikizidi hudhoofisha pumzi, na hukaa mwilini siku kadhaa, basi kumuacha mtu "alale mpaka imuishe" ni kumhatarisha.

Mtu akizidisha, au mtoto akiokota vidonge vya bibi yake, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa. Mpelekeni hospitali hapo hapo, japokuwa bado anazungumza. Akishalegea, mlazeni ubavu. Chukueni na pakiti ya dawa, hesabuni vidonge vilivyobaki, kumbukeni saa aliyomeza. Tunajua usafiri wa usiku visiwani ni mashaka, lakini msingoje asubuhi.

Na aliyemeza kwa kukusudia? Kujiua ni haramu, na katazo limo katika Suwrat An-Nisaa, Aayah ya 29, ila huo si wakati wa kumkemea. Baadhi ya familia huona haya, zikamwambia daktari kuwa mgonjwa kaanguka ghafla tu. Mwambieni kweli, kwa faragha, apate kutibu anachokijua. Akirudi nyumbani asiachwe peke yake, na vidonge avihifadhi mtu mwengine ampe vya siku kwa siku. Lakini msimkatishe dawa bila ya shauri la daktari, kwani kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo.