Ununuzi wa Pikapu Iliyokwisha Tumika: Yakupasa Kujua Haya Kwanza

Wakulima wengi wa skimu hutamani kuwa na pikapu yao wenyewe, na hapana ajabu. Mashamba haya yalipoanza kukatwa katika mpango wa eka milioni moja, mwaka 1962, mengi yalikuwa mbali na miji, na barabara zake nyingi mpaka leo ni za udongo. Maziwa hayangoji, kabichi haingoji, na mwenye gari la kukodi ajua sana kwamba hazingoji, kwa hiyo bei huipanga yeye.

Lakini kabla hujakwenda kutazama gari lo lote, keti na mwenzako wa nyumbani, chukua karatasi na kalamu, ufanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa akila hutoa kitu. Pikapu hula hata siku isiyofanya kazi.

Tuseme umeona pikapu ya Sh. 900,000. Una Sh. 300,000 mkononi, na Sh. 600,000 utakopa katika chama chako cha akiba na mikopo kwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi, ulipe kwa miezi 36. Mwezi wa kwanza utalipa karibu Sh. 16,700 za mkopo wenyewe na Sh. 6,000 za riba. Ongeza bima, tuseme Sh. 45,000 kwa mwaka, yaani Sh. 3,750 kwa mwezi. Weka Sh. 6,000 kila mwezi kwa matairi, breki na oili, maana pikapu kuukuu haikosi ugonjwa. Iko pia kodi ya awali ya magari ya mizigo, ambayo tangu sheria ya fedha ya 2023 ni Sh. 2,500 kwa kila tani ya mzigo kwa mwaka, lakini haiwi chini ya Sh. 5,000. Jumla yake ni karibu Sh. 33,000 kwa mwezi, na bado hujatia tone la mafuta.

Sasa tazama daftari lako la mwaka uliopita. Je, ulilipa kiasi gani kukodi magari? Ikiwa unavuna viazi mara mbili kwa mwaka na siku nyingine gari litalala chini ya mti, endelea kukodi, tena pasipo aibu. Ikiwa unapeleka maziwa kila asubuhi, na jirani zako 3 au 4 wako tayari kukulipa uwapelekee yao, hesabu yaweza kusimama. Lakini kumbuka hilo neno la kubeba mzigo wa jirani kwa malipo, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye bima.

Kulitazama gari

Nenda asubuhi, jua likiwa juu, na mvua isiwe inanyesha. Gari lililolowa maji huonekana jipya. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, kisha uguse injini. Ikiwa ina moto, amekwisha kuliwasha, na yawezekana kuna jambo analolificha, kwa sababu injini mbovu hujionyesha zaidi ikiwa baridi.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si neno, ni ya kazi. Oili yenye rangi ya maziwa ya chai ni hatari, maana maji yameingia ndani ya injini. Kisha liwashwe, nawe usimame nyuma. Moshi wa samawati usioisha ni injini inayokula oili. Moshi mweusi mwingi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, kama ile ya Kinangop, ni mvuke tu, lakini ukiendelea hata injini ikipata moto, maji ya rejeta yanapita mahali pasipo pake.

Lala chini ulitazame tumbo. Watu wengi huona haya kufanya hivyo mbele ya muuzaji aliyevaa suti. Usione haya. Pikapu iliyobeba mawe ya kujengea au mchanga kwa miaka mingi huvunjika chasisi, kisha huchomelewa na kupakwa rangi nyeusi. Pitisha kidole pande zote mbili, na hasa karibu na springi za nyuma. Ukigusa mahali palipochomelewa, rudi nyumbani. Injini hubadilishwa na klachi hubadilishwa, lakini chasisi iliyovunjika haina dawa ya kutumainika.

Saa ya maili isikudanganye. Yaweza kurudishwa nyuma kwa nusu saa na fundi mwenye kompyuta ndogo. Tazama badala yake mpira wa kanyagio la breki, usukani, na kiti cha dereva. Gari linalosema limekwenda kilomita 60,000 na kanyagio lake limelika mpaka chuma, hilo linasema uongo. Matairi yaliyolika upande mmoja nayo yana habari zao.

Herufi za nambari ya gari hukuambia liliandikishwa lini katika Kenya; hazikuambii lilitengenezwa lini. Kanuni ya KS 1515 huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini ikiwa halijapita miaka 8 tangu mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Basi gari lenye nambari mpya laweza kuwa lilikwisha kufanya kazi miaka 7 ng'ambo kabla halijaona Mombasa.

Mwisho, lipa fundi wako mwenyewe aje alitazame. Usikubali fundi aliyeletwa na muuzaji, wala dalali, ambaye hulipwa gari likiuzwa, liwe zima au liwe bovu.

Gari ni la nani?

Hapa ndipo watu hupoteza fedha zote kwa siku moja. Kuwa na kitabu cha gari mkononi si ushahidi wa kutosha. Karatasi yaweza kughushiwa. Chukua nambari ya gari, ingia katika mtandao wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, kwa njia ya eCitizen, ulipe ada ya kutafuta kumbukumbu. Kama huna simu ya mtandao, mtoto wako aliye shuleni au Huduma Centre iliyo karibu watakusaidia. Kumbukumbu hiyo itakuonyesha jina la mwenyewe, nambari ya chasisi na ya injini. Linganisha nambari hizo na zile zilizopigwa kwenye chuma cha gari, tarakimu kwa tarakimu. Mahali palipokwaruzwa au kupigwa nambari upya, usiulize maswali, ondoka.

Jina la benki au kampuni ya mikopo likionekana pamoja na la muuzaji, gari hilo lina deni, na asiyelipa deni hunyang'anywa gari hata likiwa kwako. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika iko pia orodha ya Serikali ambamo mkopeshaji huandikisha mali aliyoishika. Itazame na hiyo. Kama deni lipo na gari ni zuri, lipa benki wewe mwenyewe, upate barua ya kuachilia gari, na fedha zinazobaki ndizo umpe muuzaji.

Mapatano yaandikwe. Yawe na majina kamili, nambari za vitambulisho, nambari za PIN za kodi, nambari ya chasisi, bei, tarehe, na hata saa uliyolipokea gari. Saa ni jambo kubwa: lililotendwa na gari kabla ya hapo ni juu yake, na baada ya hapo ni juu yako. Lipa kwa benki, si kwa noti katika hoteli. Kisha muuzaji aanzishe uhamisho wa jina katika akaunti yake ya NTSA, nawe ukubali katika yako. Sheria ya Trafiki haikuruhusu kuliendesha barabarani zaidi ya siku 14 tangu uliponunua bila kuandikishwa jina lako. Muuzaji anayekuambia "tumia tu jina langu, mimi ni mtu mwema" asikupendeze. Akifariki, wewe utakuwa unabishana na warithi wake.

Fedha za mkopo

Riba haisomwi kwa tarakimu peke yake, uliza inahesabiwaje. Ule mkopo wa Sh. 600,000 kwa 1 kwa mia kila mwezi, riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, utakugharimu riba ya Sh. 111,000 kwa miezi 36. Mkopeshaji mwingine akikuambia "12 kwa mia kwa mwaka" lakini akihesabu juu ya Sh. 600,000 zote mpaka mwisho, utalipa Sh. 216,000. Maneno yanafanana, lakini tofauti yake ni Sh. 105,000, bei ya ndama kadhaa wazuri. Na yule wa tatu, akupaye fedha siku hiyo hiyo kwa kushika kitabu cha gari, akitaka 3 kwa mia kila mwezi juu ya fedha zote, atakuwa amekula Sh. 216,000 hizo hizo kwa mwaka mmoja tu. Uliza pia ada za maombi, za uthamini, za chombo cha kulifuata gari, na faini ya kuchelewa. Ziandike zote upande mmoja wa karatasi kabla hujatia sahihi.

Vyama vingi vya akiba hukopesha mara 3 ya akiba ya mwanachama, kwa hiyo kwa Sh. 600,000 itakupasa uwe na Sh. 200,000 za akiba, mbali na zile za mkononi, pamoja na wadhamini. Hao wadhamini ni jirani zako, na usiposhika ahadi akiba yao ndiyo itakayokatwa. Mkulima wa maziwa anaweza kukatwa kwenye malipo ya kila mwezi. Mkulima wa viazi au mahindi aombe tangu mwanzo malipo yafuate mavuno. Akikubali malipo ya kila mwezi kwa haya, mwezi wa nne tu atauza ng'ombe.

Sasa shamba. Usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya gari. Gari la Sh. 900,000 baada ya miaka 5 huenda lisiuzwe hata nusu ya bei hiyo, na shamba kwa muda huo huo halipungui. Rehani ya shamba la kilimo lazima ipate kibali cha Halmashauri ya Ardhi ya mahali penu, na ikiwa nyumba ya familia iko juu yake, mke au mume lazima akubali. Wako watu wanaozunguka katika skimu wakisema watakupa fedha upesi kwa kushika barua yako ya kugawiwa shamba, hali deni la mfuko wa makao halijaisha. Mtu wa namna hiyo hatafuti riba. Anatafuta shamba.

Bima

Bima ya muuzaji hakufuati wewe. Siku unayolichukua gari, uwe na cheti chako mwenyewe kabla hujageuza ufunguo. Bima ya mtu wa tatu ndiyo inayolazimishwa na sheria. Nayo hulipa mtu uliyemgonga au mali yake uliyoiharibu, lakini pikapu yako ikipinduka kwenye tope au ikiibwa, hupati kitu. Bima kamili hulipa na hilo pia. Kampuni nyingi hazitoi bima kamili kwa gari lililozeeka sana, kwa hiyo uliza kabla hujanunua, hasa kwa kuwa wakopeshaji wengi huitaka.

Katika fomu utaulizwa gari litafanya kazi gani. Jibu ukweli. Bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe ni nyingine, na ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni nyingine, tena ghali zaidi. Ukiandika "mali yangu" kisha ajali ikupate ukiwa na mitungi ya maziwa ya jirani waliokulipa, kampuni yaweza kukataa kulipa hasara ya gari lako. Watu walioketi juu ya magunia na kulipa nauli ni vibaya zaidi.

Usipunguze thamani ya gari ili ulipe bima ndogo. Gari la Sh. 900,000 ukiliandika Sh. 600,000, umelikatia bima theluthi mbili tu. Likiharibika kwa Sh. 150,000, kampuni itahesabu Sh. 100,000, kisha itoe ile sehemu ya kwanza ambayo kila hasara hubebwa na mwenye gari. Uliza sehemu hiyo ni kiasi gani. Mawakala wengine hawaitaji mpaka siku ya ajali.

Halmashauri ya kusimamia bima, IRA, hutangaza kila mwaka kampuni na mawakala wenye leseni. Tazama jina la wakala wako humo, na fedha uzitume kwa kampuni yenyewe, si kwa simu ya wakala, kwa kuwa sheria hairuhusu kampuni kuchukua jukumu kabla haijapokea malipo. Kisha ipigie kampuni simu uwasomee nambari ya cheti chako. Ajali ikitokea, toa habari kwa polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo, piga picha za gari na za barabara kabla halijavutwa, wala usimwambie mtu ye yote pale barabarani kwamba utalipa. Fundi asiguse hata taa mpaka mkaguzi wa kampuni awe amefika kulitazama.