Kutrendi si sauti ya Wakenya wote

Umeamka, umewasha data, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni hashitegi ya kumtukana jaji fulani. Imeshika nambari moja. Unajiambia, "Kumbe Wakenya wote wamemchoka huyu!" Tulia kwanza. Huenda hao "Wakenya wote" ni kikosi kilicholipwa.

Kumbuka 2021, kesi ya BBI ilipokuwa kortini. Watafiti wa Wakfu wa Mozilla, Odanga Madung na Brian Obilo, walichunguza kampeni 11 za Twitter, zikiwemo za kuwachafulia jina majaji na wanaharakati. Walikuta jumbe zaidi ya 23,000 kutoka kwa akaunti zipatazo 3,700. Maagizo yalitolewa kwenye vikundi vya WhatsApp, na vijana walilipwa kati ya dola 10 na 15, yaani Sh1,000 na kitu. Baadaye Twitter ilifunga akaunti zaidi ya 100.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kikosi kinaandika kwa pamoja, mtambo unadhani kuna jambo zito, hashitegi inapanda. Hapo ndipo unapoingia wewe. Hulipwi hata ndururu, lakini hasira zako ndizo zinazoisukuma mbele. Hata ukiipinga, ukishaitaja umeipa nguvu.

Sasa ufanye nini? Soma jumbe kumi hivi. Zikifanana neno kwa neno, hadi makosa ya tahajia, jua zimenakiliwa. Kagua akaunti: ilifunguliwa lini, na wiki jana ilikuwa ikipiga debe la nani? Ipitishe picha kwenye Google Lens. Huenda ni ya miaka iliyopita, au ya nchi nyingine kabisa. Ukikanusha, anza na ukweli wenyewe na uiache hashitegi yao. Na shangazi akituma uzushi kwenye kikundi cha familia, usimwaibishe mbele ya watu. Mwandikie kando, kwa heshima.

Je, ukiitiwa kazi hiyo? Tunajua kazi hakuna na kodi ya nyumba haingoji. Lakini aliyekulipa amejificha. Akaunti inayotukana ni yako. Halafu fikiria: siku utakayokamatwa kwenye maandamano, utafikishwa mbele ya jaji kama yule uliyelipwa umchafue. Utataka asiwe na woga wa mtu yeyote.