Ijue Historia ya Chemchemi za Maji Moto za Bogoria

Chemchemi za maji moto za Ziwa Bogoria ni miongoni mwa vivutio vinavyojulikana zaidi katika Kaunti ya Baringo. Wageni huja kutazama maji yakiruka kutoka ardhini, na wengine huchemsha mayai humo. Hata hivyo, kabla ya utalii, hapa palikuwa mahali pa ibada na malisho pa jamii ya Endorois, na hadi leo jamii hiyo hupaheshimu hivyo.

Maji hayo huanza kama mvua. Hupenya kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa joto na miamba iliyo chini, kisha hupanda yakiwa na madini, hasa magadi. Chemchemi zipo karibu 200, na baadhi hukaribia kiwango cha kuchemka. Karibu na Loboi kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea linalotumia maji hayo ya asili.

Enzi za ukoloni ziwa liliitwa Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwaka 1973 serikali ililitangaza kuwa hifadhi ya wanyamapori, na familia za Endorois zikahamishwa. Zilipoteza malisho, sehemu ambako mifugo ililamba chumvi, na maeneo ya matambiko.

Mwaka 2003 malalamiko ya jamii hiyo yalifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa Februari 2010 uliwapa haki: warejeshewe ardhi, wafike ziwani bila vizuizi kwa ibada na malisho, walipwe fidia na wapate sehemu ya mapato. Utekelezaji wake kamili bado unasubiriwa. Mwaka 2011 Bogoria, Nakuru na Elementaita yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kufunika barabara, lango la Loboi na baadhi ya chemchemi. Ukingo ulioujua zamani huenda sasa uko chini ya maji. Wakazi na wageni wanaombwa kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi, kuwashika watoto mkono, kutokanyaga matope yaliyo kando ya chemchemi, na kuheshimu maeneo ya matambiko.