Mkono Unaonekana, Kinyago Hakionekani

Ukitoka Machakos kuelekea Kitui utapita Wamunyu, mji mdogo wa Ukambani ambao kazi yake imefika mbali kuliko jina lake. Wale twiga wa mbao waliopangwa foleni kwenye maduka ya watalii Nairobi na Mombasa, wale vifaru wa kushika kiganjani, vijiko vya saladi vyenye vichwa vya pundamilia: ufundi huo kwa sehemu kubwa una mizizi hapa. Wanaosimulia historia yake huanza na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza huko kuchonga vinyago vya kuuza, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Wakamba walichonga tangu zamani, ila walichonga vya matumizi: vigoda, vijiko, mizinga ya nyuki. Munge anakumbukwa kwa kukifanya kinyago kuwa bidhaa.

Leo bidhaa hiyo inatafutiwa soko kwa video. Simu inaegemezwa kwenye gogo, tezo inapanda na kushuka, vibanzi vinaruka, muziki unawekwa juu yake, na katika nusu dakika gogo limekuwa tembo. Si ajabu. Ripoti ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa. Anayetaka kuonekana huenda waliko watazamaji.

Ila soma maoni yaliyo chini ya video za namna hiyo. Ukiacha mioyo na vicheko, wanaotaka kununua huuliza mambo yale yale: Bei? Uko wapi? Kisha mmoja, akiwa amekolea kweli: “Naomba unitumie picha.” Ametazama video mwanzo hadi mwisho, labda mara mbili, na bado anaomba picha. Kwa nini?

Kwanza niipe video haki yake, maana sisi wapiga picha tuna tabia ya kuibeza. Afrika Mashariki ilimtoa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyefungua Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na aliyejua kutumia kamera ya picha mnato na ya sinema vilevile. Njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 iliushtua ulimwengu kwa filamu yake, iliyotangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba mwaka huo kwa sauti ya Michael Buerk. Picha zilikuwepo pia, lakini ule ukungu wa alfajiri na ule umati unaojikokota vilihitaji kutembea mbele ya macho ya mtazamaji. Wamunyu nayo ina jambo linalohitaji kutembea, nalo ni mkono. Mnunuzi anayeshuku kwamba kijiko kimetoka kwenye mashine ataamini akiiona tezo ikikosea kidogo na kurekebishwa. Hakuna picha itakayomthibitishia hilo vizuri zaidi.

Basi video inauza mkono wa mchongaji. Kinyago chenyewe haikiuzi, kwa sababu za kiufundi ambazo si ngumu kuzielewa.

Video ya kawaida hupigwa fremu 25 au 30 kwa sekunde, na kila fremu kwa desturi hupokea mwanga kwa muda wa kama 1/50 ya sekunde. Tuseme tezo inashuka kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Katika 1/50 ya sekunde imekwenda sentimita 10, kwa hiyo fremu hiyo ukiisimamisha utaona utando wa kijivu mahali pa chuma. Jicho halilalamiki, kwani fremu inayofuata inakuja kuifunika. Tena ukungu huo ndio unaoifanya video itiririke. Picha iliyopigwa kwa 1/1000 ya sekunde inairuhusu tezo ile ile kusogea milimita 5 tu. Makali yanaonekana, na kibanzi kilicho hewani kinaonekana kimejikunja upande gani. Ndiyo maana “nitakata tu kipande kutoka kwenye video” ni mpango mbovu. Fremu ya video ya kawaida ya HD ina pikseli milioni 2 hivi, na ya 4K milioni 8.3, kabla mtandao haujaibana ili ipite kwenye bando la mtazamaji. Simu hiyo hiyo ukiiambia ipige picha itakupa milioni 12 au zaidi, zote zikiwa za tukio moja.

Kisha kuna suala la nani anashika saa. Katika video saa iko mkononi mwa aliyeitengeneza: yeye ndiye anayeamua uso wa kinyago uonekane sekunde mbili na miguu nusu sekunde. Mnunuzi hataki kuharakishwa. Anataka kukaa na uso ule, akuze mahali sikio linapokutana na shavu, aangalie kama miguu minne ya twiga imelingana, amwonyeshe mkewe, arudi kesho. (Na umbo la video za simu, refu na jembamba, linamfaa twiga peke yake. Bakuli ndani yake linakuwa na dari na sakafu nyingi bila sababu.)

Hapo ndipo upigaji picha wa kizamani unapohitajika, na kwa vinyago nusu ya kazi ni mwanga. Wamunyu iko nyuzi moja na kitu kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua linakaribia kusimama utosini, na kinyago kikitolewa uani saa hiyo kinapoteza macho: paji la uso linatupa kivuli, mashimo ya macho yanakuwa meusi, pua inang'aa kama taa. Wengi hupiga picha saa hiyo kwa sababu “kuna mwanga wa kutosha.” Wa kutosha upo, ila umekuja kutoka upande usiofaa. Kazi ya kuchonga imeandikwa kwenye mabonde na vilima vidogo vya mbao, na mwanga unaovisoma ni ule unaopita kwa ubavu. Saa moja unusu hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua lenyewe linaifanya kazi hiyo. Mchana kati, ingia kwenye kibanda, kaa hatua moja au mbili kutoka ukingo wa paa, na uache mwanga uingie kutoka upande mmoja. Kama paa ni turubai la buluu, hama. Mbao zote zitatoka na homa ya rangi ambayo hakuna programu itakayoiponya sawasawa.

Halafu zungusha kinyago, si simu. Kigeuze polepole ukitazama alama za tezo kwenye mgongo wa mnyama. Kuna pembe ambapo alama hizo zinazama kabisa na mgongo unaonekana laini kama plastiki, na kuna pembe, labda robo ya mzunguko kutoka hapo, ambapo kila pigo linajitokeza na kivuli chake. Kati ya hizo mbili ndipo pa kupigia. Upande ulioingia gizani usiuongezee flashi. Simamisha shuka jeupe au gunia la unga lililogeuzwa ndani nje, mkono mmoja kutoka kwenye kinyago, nalo litarudisha mwanga kiasi. Kama kimeshapakwa kiwi na kusuguliwa, mng'aro utaleta madoa meupe. Mie hupendelea kupiga picha kikiwa kimemaliza msasa lakini bado hakijang'arishwa, kisha nyingine baada ya hapo, ili mnunuzi aone mbao na aone pia kitakavyokaa sebuleni.

Tatizo la mpingo linahitaji aya yake. Kamera haijui inachokitazama. Inapima mwanga na kudhani kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ipe kichwa cha mpingo kilichojaa fremu, itadhani kuna giza, itakiangaza mpaka kiwe rangi ya majivu. Kiweke kichwa hicho mbele ya ukuta mweupe, itadhani mwanga umezidi, na kinyago kitakuwa tone la wino lisilo na pua. Dawa ni kugusa kioo cha simu juu ya kinyago, kisha kutelezesha ile alama ya jua chini au juu hadi weusi uwe weusi wenye maumbo ndani yake. Na mandharinyuma yasiwe meupe wala meusi: karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, iliyopinduliwa na kukung'utwa, haina mpinzani kwa bei.

Wenye ngozi nyeusi wanaijua shida hii kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, ambazo mafundi waliziita “Shirley.” Mtafiti wa Canada Lorna Roth, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2009, alieleza kwamba Kodak ilianza kuboresha uwezo wa filamu zake kutofautisha rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao wa samani walishindwa kuonyesha kwenye matangazo tofauti ya mbao moja na nyingine. Kilio cha watu weusi kilikuwepo. Kilio cha mbao kikasikika upesi. Mchongaji wa Wamunyu anapiga picha mkono mweusi ulioshika mpingo, kwa hiyo anakutana na historia yote hiyo ndani ya fremu moja, na hapaswi kuiachia simu iamue.

Baada ya mwanga, katalogi. Neno lenyewe linachosha, lakini ndilo linalotenganisha duka na maonyesho. Vinyago vyote vipigwe mahali pamoja, umbali mmoja, urefu mmoja wa simu, ili mnunuzi akiweka picha kumi kando kwa kando alinganishe vitu badala ya kulinganisha mandhari. Katika moja ya picha za kila kinyago mkono wa mtu uwepo, au rula, kwani twiga wa sentimita 20 na wa mita mbili wanafanana kabisa wakiwa peke yao. Kinyago kipigwe pia chini, kwenye nyayo, mahali ambapo nyuzi za mbao zinaonekana zimekatwa. Wanunuzi wa ng'ambo wanaogopa mbao isiyokauka, ambayo ikifika kwenye nyumba yenye mitambo ya joto inapasuka, na ufa huanzia mara nyingi kwenye ncha. Jina la mti liandikwe, na liwe la kweli. Muhugu umeadimika kwa kukatwa sana, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wa Kenya wamehimizwa kugeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Kuna wanunuzi wanaotafuta hasa hiyo, na picha nzuri ya nyuzi za mwembe haihitaji kujificha nyuma ya rangi ya viatu.

Upande wa sheria nitapita haraka. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha inalindwa kwa miaka 50, na kinyago kama kazi ya sanaa kinalindwa maisha yote ya mchongaji na miaka 50 baada yake. Picha yenye tarehe ni ushahidi wa nani alianza muundo upi. Ukimpiga mteja au mtoto akiwa kibandani, omba ruhusa kabla ya kuposti. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Suala la kuhifadhi ni zito zaidi. Mitandao inabadilika kwa matakwa ya wenyewe. Instagram ilizaliwa mwaka 2010 kuwa mahali pa picha. Juni 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, akatangaza kwamba si programu ya kushirikishana picha tena. Aliyeweka kazi zake zote mle aliambiwa, kwa maneno mengine, atengeneze video au asahaulike. Linganisha na Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930: negativu zake zimevuka ukoloni, mapinduzi na kuja kwa kompyuta, na bado zinachapishwa na kununuliwa. Hazikumtegemea mtu mwingine aendelee kuzipenda. Kwa mchongaji hii ina maana ya kuwa na nakala kwenye kadi au diski iliyo nyumbani, na picha chache zilizochapishwa kwenye karatasi, mbali na chochote kilicho mtandaoni.

Wakati wa kumtumia mteja, usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwani itabanwa; chagua HD, au itume kama dokumenti. Jambo la mwisho linahusu jina. Vinyago vingi vya Wamunyu vimeuzwa dunia nzima bila jina la mtu, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili ya picha hazitalirudisha, kwa sababu WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Jina lichongwe chini ya kinyago kwa ncha ya kisu, pamoja na mwaka, kisha upande huo upigwe picha kwa mwanga wa ubavu ili herufi zisomeke, na picha hiyo itumwe pamoja na zile nyingine kila mara, hata mteja asipoiomba.